Mistari Kwenye Ukuta wa Mbaha

Glorious alirudi kwao Mbaha na begi la nguo, godoro lililofungwa kamba, na vidole vilivyojua kupiga chapa bila macho kuvisimamia. Huku ziwani vidole vya namna hiyo havikuwa na kazi. Watu walivua usipa na kulima muhogo, na usipa haujawahi kuhitaji barua.

Kule Mbinga alikuwa ameanza na mashine ya chapa katika ofisi ya ushirika, enzi ambazo kahawa yote ilipitia mikononi mwao. Kisha soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao, ushirika ukapunguza watu, na wapiga chapa wakawa wa kwanza kupunguzwa. Hakukaa bure muda mrefu. Kampuni mojawapo ya hao wanunuzi ilimchukua, ikamketisha mbele ya kompyuta, akajifunza mpaka akawa anawafundisha wengine. Misimu michache baadaye kampuni nayo ikafunga ofisi, ikaenda kutafuta faida kwingine. Glorious akapanda gari la kushuka milima kurudi ziwani.

Nyumbani alimkuta mama yake, Bonifasia, akianika muhogo, na baba yake, mzee Blasius, akipiga randa kwenye kibanda chake cha useremala. Mzee aliinua mkono, akatabasamu, akarudi kwenye ubao wake. Hakumuuliza kitu. Glorious hakushangaa, maana baba yake alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani mhubiri wa kanisa lao la Kianglikana akitaka kujua kama watu wako macho, alikuwa anamtazama Blasius. Mzee alikuwa na kicheko kinachoanzia tumboni, na alikuwa na tabia ya kuitikia "Kweli kabisa!" katikati ya mahubiri, hata pale ambapo mhubiri hajafika kwenye jambo lenyewe. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamlaza, akawa mahututi, wakamlilia. Akapona kila kitu isipokuwa masikio. Mwaka wa kwanza aliendelea kwenda kanisani. Baadaye akaacha, na Jumapili kengele ikigongwa watu wakawa wanaisikia randa yake. Walipomwandikia kumwuliza sababu, alijibu kwa ile sauti yake ambayo haikujua tena kipimo:

"Nije kutazama watu wanavyofungua midomo? Hata samaki wanafanya hivyo!"

Nyumbani walizungumza naye kwa mikono, na jambo lisilosemeka kwa mikono waliliandika kwa mkaa kwenye kipande cha ubao. Mbao zilikuwapo tele. Lakini mkaa unachafua vidole na ubao unajaa upesi, kwa hiyo waliandika maneno ya lazima tu. Kula. Mgeni kaja. Mvua, ingiza mbao. Mtu akiwa na kichekesho hawezi kuhangaika kukiandika kwa mkaa.

Mwaka huo parishi ilikuwa imepata kasisi mpya, Padre Erasmo, kijana mwenye haraka ya kutembea na haraka zaidi ya kusema. Marafiki wa parishi walioko ng'ambo walikuwa wamempa kompyuta ya kukunja, projekta, na diski yenye programu ya kuonyesha mistari ya Biblia wakati wa ibada. Vitu hivyo vilikaa kabatini miezi mingi, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuanzia. Aliposikia kwamba binti wa mzee Blasius amerudi kutoka Mbinga na kwamba anajua kompyuta, alifika siku hiyo hiyo.

"Dada Glorious, hii kitu imenishinda," alisema hata kabla ya kuketi. "Nikibonyeza huku inaniuliza kwa Kiingereza, nikibonyeza kule inazima."

Glorious aliifungua programu ile mezani kwa Padre, jenereta la parishi likinguruma uani. Haikumchukua muda kuielewa. Upande wa kushoto unaipanga mistari kwenye foleni kwa utaratibu wa ibada, kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati. Ukibonyeza, wa kwanza anaingia ukutani. Ukibonyeza tena, anatoka, anaingia wa pili. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha kuandikia matangazo, ambacho Padre hakukijali. Tatizo lilikuwa moja: Biblia iliyokuwamo ndani ilikuwa ya Kiingereza tupu.

"Basi hakuna kitu," Padre alisema, uso ukimshuka.

"Kipo, Padre. Wewe nipe masomo ya kila Jumapili mapema. Nitayapiga chapa mwenyewe."

Akawa anafanya hivyo kila juma. Wanawake wa Umoja wa Akina Mama wa parishi walishona vitenge vikuukuu kuziba madirisha ya upande mmoja, na ukuta ulio kuliani mwa altare ukapakwa chokaa upya. Jumapili ya kwanza, maneno yalipotokea pale yakiwa makubwa na meupe ndani ya mraba wa buluu, kanisa zima lilivuta pumzi. Bibi mmoja akapiga kigelegele. Watu wakasoma kwa pamoja, wengine polepole na wengine mbio, kama darasa la wanafunzi wa kila umri.

Ila Padre Erasmo akihubiri hakujua foleni ni nini. Alianza kwa Mathayo, akaruka Isaya, akaingia Hesabu alikosema atapita baadaye. Glorious akamkimbiza, akabonyeza, akarudisha nyuma, akabonyeza tena. Hatimaye Padre akanyamaza na kumkaribisha mbele Mwalimu Baltazar asome matangazo. Mwalimu Baltazar alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa na msomaji mkuu wa masomo tangu Glorious akiwa mtoto. Alisimama, akanyoosha koti, akapanda ngazi za altare kwa heshima zote. Juu ya kichwa chake, ukutani, ukabaki ule mstari wa kitabu cha Hesabu unaosimulia jinsi punda wa Balaamu alivyofungua kinywa na kusema.

Vijana walianza kucheka kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Mwalimu akageuka, akausoma mstari, akawageukia watu.

"Tunaendelea," alisema, na akasoma matangazo yote bila kuruka hata koma. Lakini masikio yake yalikuwa yamewaka.

Mchana wake Glorious alikwenda kwake kuomba radhi. Alimkuta barazani na mke wake, bibi Katarina, mwanamke mpole wa kutabasamu tu.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Mwalimu. "Najua hukukusudia, mwanangu. Ila sikiliza. Watu walikuwa wanakuja na Biblia zao mkononi. Walikuwa wananisikiliza. Sasa wanatazama ukuta kama wanatazama sinema. Na katika Biblia nzima nakumbuka ukuta mmoja tu ulioandikwa, tena yule mfalme mwenye karamu hakuiona asubuhi."

Glorious alinywa maji aliyopewa na bibi Katarina, akaaga.

Jambo lililogeuza mambo lilianza na meza. Projekta ilikuwa imewekwa juu ya mabenchi yaliyopandana, na kila mtu akikohoa maneno yanatikisika ukutani. Padre akamwita mzee Blasius atengeneze meza imara. Jumamosi alasiri mzee akaja kanisani na mbao begani na misumari mdomoni, akaanza kazi pasipo kumtazama mtu. Glorious alikuwa akijaribu masomo ya kesho. Akaipeleka ukutani Zaburi ile ya kuinua macho kutazama milima.

Nyundo ikanyamaza.

Mzee Blasius alikuwa ameinua kichwa. Akatoa misumari mdomoni, akaishika kiganjani, akaisoma Zaburi yote kwa sauti iliyojaa kanisa. Alipomaliza akabaki ameutazama ukuta, kama anangoja. Glorious, bila kufikiri sana, akashuka kwenye kile kisanduku cha matangazo, akaandika:

*Shikamoo baba.*

Mzee aligeuka kulia na kushoto. Akamwona binti yake nyuma ya kompyuta, vidole juu ya vitufe.

"Marahaba," alisema taratibu. "Marahaba, mwanangu. Ni wewe unaandika?"

*Ni mimi. Hiyo meza yako imepinda kushoto.*

"Meza haijapinda!" Mzee alipiga ubao kwa kiganja. "Sakafu ndiyo imepinda! Nilimwambia yule mwashi tangu siku anamwaga zege, akaniona mjinga!"

Glorious akacheka, akaandika kwamba yule mwashi sasa anajenga nyumba yake mwenyewe na ukuta umeangukia uzio. Mzee akacheka hadi akakaa chini. Ndipo wakaanza kuzungumza. Yeye alisema, binti akajibu ukutani, na vidole vya Glorious havikuchoka kama mkono unavyochoka na mkaa. Aliandika habari za mabinamu, za bei ya usipa, za jirani aliyenunua baiskeli asiyoweza kuipanda. Mzee aliuliza, akabisha, akauliza tena. Halafu akaanza kukusanya maranda ya mbao kwa mguu.

"Gilo," alisema, akimwita kwa jina la utotoni. "Ile kazi ya Mbinga. Ulifanya nini?"

*Kwa nini baba?*

"Siku unarudi, mama yako aliniandikia neno moja. Kafukuzwa. Nikasema moyoni, labda aliiba, labda aligombana na mkubwa. Nikaogopa kuuliza. Nikasema atakapotaka ataniambia."

Siku zote hizi baba alikuwa amekaa na neno lile moja. Glorious aliinama, akaandika bila kukoma. Akaeleza jinsi ushirika ulivyopunguza watu, jinsi kampuni ilivyomchukua, jinsi alivyowafundisha wenzake kompyuta, jinsi siku moja walivyokuta mlango umefungwa kwa kufuli na wote wakapewa mkono wa kwaheri, hata meneja. Maneno yalijaza ukuta, yakapanda juu, mengine yakafuata. Baba yake aliyasoma midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho akavua kofia, akajifuta uso wote.

"Kumbe," alisema. "Kumbe hukufanya kitu."

*Sikufanya kitu baba.*

Padre Erasmo alipoingia kusema mafuta ya jenereta yanakaribia kwisha, alimkuta mzee ameweka mkono begani kwa binti yake, meza ikiwa bado haijakamilika.

Kesho yake Blasius alivaa shati lililonyooshwa, akaja ibadani. Bonifasia alitembea nyuma yake akiwa amejifunika khanga mdomo, maana hakutaka watu waone anavyotabasamu. Mzee akakaa benchi la mbele. Masomo yakapita ukutani naye akayasoma na wengine. Halafu mahubiri yakaanza, na ukuta ukabaki mtupu.

Padre alikuwa akisimulia habari za Petro aliyekesha ziwani bila kupata kitu. "Mnamjua mtu wa namna hiyo," alisema. "Anarudi asubuhi na kapu tupu, na anajua nyumbani mke ameshabandika maji ya ugali. Anafanyaje? Anapita njia ndefu!" Kanisa likalipuka kwa kicheko, wavuvi wakisukumana kwa viwiko. Blasius aligeuka. Alitazama nyuso zinazocheka moja baada ya nyingine, naye akiwa na nusu ya tabasamu, ile ya mtu aliyefika karamuni sahani zikiondolewa.

Glorious aliiona ile sura. Akafungua kisanduku cha matangazo, akaandika kichekesho chote jinsi Padre alivyokisema.

Watu walikuwa wameshanyamaza. Padre alikuwa ameshaingia kwenye jambo zito la imani. Ndipo kutoka benchi la mbele kikatoka kile kicheko cha tumboni, peke yake, kikubwa, kimechelewa. "Kweli kabisa!" mzee alipiga kelele. "Anapita njia ndefu! Nimeipita mwenyewe!"

Padre alisita, akautazama ukuta, akaelewa. Watu nao wakaelewa. Wakacheka upya, safari hii pamoja naye, na Bonifasia alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka.

Tangu siku hiyo Glorious akawa anaandika mahubiri. Hakuweza kuyashika yote, Padre alikuwa na mbio, lakini alishika vya kutosha. Jumapili chache zikapita hivyo. Kisha halmashauri ya parishi ikakaa barazani kwa Padre, na Glorious akaitwa.

Mwalimu Baltazar alisema kwa utulivu. "Mimi sina ugomvi na mzee Blasius. Lakini ukuta ule tuliambiwa ni wa Neno la Mungu. Sasa linapita Neno la Mungu, linafuata neno la Padre, halafu kichekesho cha kapu la samaki, herufi zile zile, rangi ile ile. Mtoto atajuaje lipi ni lipi? Na juzi Padre alisema 'tumtii', wewe ukaandika 'tumtie'. Tumtie wapi?"

Baadhi ya wazee walicheka. Glorious alisema, "Ni kweli nilikosea, Mwalimu. Ila baba yangu hana njia nyingine ya kusikia."

"Kwa ajili ya mtu mmoja, kanisa zima lisome?"

Padre Erasmo alikuwa bado mgeni na hakutaka kuipasua parishi katika mwaka wake wa kwanza. Akaamua ukuta urudi kwenye mistari pekee mpaka jambo hili lizungumzwe na waumini wote.

Jumapili iliyofuata Blasius alikaa mahali pake. Mahubiri yalipoanza akauangalia ukuta, akangoja, kama mtu anayesubiri basi pale Kitai bila kuambiwa kwamba limeshapita. Halafu akageuka kumtazama binti yake. Glorious alikuwa ameificha mikono chini ya meza. Mzee alichukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni, na kabla mahubiri hayajaisha waliokaa karibu na dirisha wakasikia randa.

"Tafuta mtu mwingine, Padre," Glorious alisema baada ya ibada. "Siwezi kukaa nyuma ya mashine inayoweza kusema na baba yangu, halafu ninyamaze."

"Nipe Jumapili moja," Padre alimjibu. "Nitawauliza watu. Ila hakikisha mzee anakuja."

Glorious alikwenda kibandani kwa baba yake, akachagua ubao mpana kuliko zote, akaujaza maneno ya mkaa pande zote mbili. Mzee aliusoma, akaugeuza, akaumaliza. Jumapili alikuja. Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia mkononi.

Mwisho wa ibada Padre alisimama mbele. Nje jenereta lilikuwa likinguruma kama kawaida.

"Ndugu zangu," alisema, "kuna wanaotaka ukuta uandike mahubiri na kuna wasiotaka. Kabla hatujaamua nataka kujua jambo moja. Humu ndani, ukimwacha mzee Blasius, nani mwingine hasikii vizuri? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka. Padre alingoja. Mwalimu Baltazar aligeuka akawatazama waumini, kisha akamtazama Padre, kama kusema, umeona.

Glorious naye alikuwa ameangalia benchi kwa benchi. Aliona wengi wametulia wakitazama mbele kwa adabu, na ghafla akataka kucheka na kulia. Padre alikuwa amewauliza viziwi kwa mdomo.

Hakungoja ruhusa. Akaandika, kwa herufi kubwa kadiri programu ilivyokubali:

*Padre anauliza: nani hapa hasikii vizuri? Anyooshe mkono.*

Kisha mzee mmoja mvuvi upande wa wanaume akainua mkono wake, polepole, kama anayeona aibu. Bibi aliyepiga kigelegele siku ya kwanza akainua wake. Ukainuka mwingine karibu na nguzo, na mwingine, na mama mmoja wa makamo ambaye hakuna aliyewahi kumdhania. Blasius kule nyuma akainua mkono juu kabisa pamoja na kofia, akihesabu wenzake kwa macho, asiamini.

Na kwenye benchi la pili upande wa wanawake, bibi Katarina, mke wa Mwalimu Baltazar, alikuwa ameinua mkono.

Mwalimu aliuona. Alitoka kwenye kiti chake karibu na altare, akasimama mbele ya mke wake.

"Katarina? Umeelewa swali?"

Bibi Katarina alimtazama midomo, akatabasamu lile tabasamu lake la siku zote. Glorious aliona jinsi Mwalimu alivyolielewa tabasamu lile kwa mara ya kwanza. Mwalimu akatembea mpaka kwenye meza ya projekta. Akainama, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Mwulize kwa nini hakuniambia."

Glorious aliandika. *Mwalimu anauliza, kwa nini hukumwambia?*

Bibi Katarina alisoma. Hakusimama, lakini kanisa lilikuwa limenyamaza, na kila mtu alimsikia.

"Ningekuambiaje, baba Luisa? Kila Jumapili unaandaa masomo, unasoma barazani, unaniuliza, nimesomaje? Nasema, vizuri. Masomo nayajua, hivyo nilikuwa nakutazama tu. Zamani nilikuwa nakupata kidogo. Tangu jenereta lije sipati hata kidogo." Akakunja khanga mapajani. "Sikutaka ujue kwamba sauti yako hainifikii tena."

Mwalimu Baltazar alikaa pale pale, kwenye ukingo wa benchi, karibu na mke wake, mahali ambapo mzee wa kanisa hakupaswa kukaa. Akamshika mkono. Padre akawa na busara ya kunyamaza, jambo ambalo kwake halikuwa rahisi.

Baada ya muda Mwalimu akainuka, akakohoa, akawa tena mwalimu mkuu.

"Mimi nina masharti," alisema. "La kwanza, Neno la Mungu libaki jeupe, na maneno ya watu yaandikwe rangi nyingine, na madogo. La pili, nitakaa hapo mezani kwa Glorious kukagua tahajia. Hatutamtia mtu popote."

Hapo kanisa likacheka. Glorious aliyaandika masharti yote, na alipoandika lile la tahajia, wale wa mikono iliyonyooka nao wakacheka, wamechelewa kidogo.

Wakachagua njano. Ilimchukua Glorious alasiri nzima kugundua jinsi ya kuibadili rangi, na hata hivyo aligundua kwa bahati, baada ya kukifanya kila kitu kuwa kijani. Jumapili iliyofuata Neno likapita kwa weupe na mahubiri kwa njano. Mwalimu Baltazar alikaa kando yake na miwani puani. Akaona kukaa tu hakumtoshi, akawa anamtabiria Padre. "Huyu sasa anaenda Isaya, namjua," alinong'ona. "Weka Isaya kwenye foleni." Na Padre akaenda Isaya. Kwa namna hiyo foleni ikaacha kuvurugika, maana Mwalimu alikuwa amewasikiliza wahubiri wengi kiasi cha kujua wanakoelekea kabla wao hawajajua.

Wasiosikia walihamia mabenchi ya mbele. Baada ya ibada walibaki pale wakingoja Glorious awaandikie matangazo ya kijiji, nani amejifungua, nani anaumwa, nani amerudi kutoka Songea. Yule mama wa makamo alikiri kwamba kwa miaka alikuwa akiitikia "ndiyo" kwa kila asilolisikia, na kwamba hivyo ndivyo alivyojikuta mweka hazina wa Umoja. Habari zikapanda milima. Padre wa Namswea alituma binti mmoja, Winnie, aje kujifunza, ingawa kwao hata jenereta lilikuwa bado la kuazima. Glorious alimfundisha kwa juma zima, na wakati wa kumsindikiza, Winnie akamwambia kwamba parishi nyingine mbili zimeuliza kama anaweza kwenda kuwafundisha vijana wao huko huko. Glorious alijibu kwamba ataweza, alimradi apate usafiri wa kumrudisha kabla ya Jumapili.

Mzee Blasius hakuacha useremala, ila Jumapili randa ilitundikwa. Akawa na mazoea mapya: kugombana na mahubiri. Alimsimamisha Padre mlangoni kumweleza kwamba mtumbwi haugeuzwi vile alivyosema, na kwamba nyavu za Petro lazima zilikuwa na macho makubwa kupita kiasi, ndiyo maana alikesha bure. Padre alimsikiliza, akimjibu kwa vidole hewani, na Jumapili iliyofuata akasahihisha madhabahuni.

Mvua za kwanza zilipoanza, Padre Erasmo alihubiri juu ya mpanzi na mbegu. Alikuwa amefurahi, mashamba yamelowa, watu wamejaa, akasema na kusema. Akafika njiani, akafika kwenye mawe, akafika kwenye miiba, akarudi njiani kueleza jambo alilosahau. Vidole vya Glorious vilikuwa vimeanza kuuma. Mwalimu Baltazar alikuwa amevua miwani na kufumba macho. Hatimaye Glorious akafupisha, akaandika kwa njano:

*Padre anaendelea kueleza habari za mbegu.*

Benchi la mbele lilisoma. Padre akaendelea. Mvua ikapiga bati. Na mzee Blasius, kwa sauti ile isiyojua kipimo, akasema:

"Gilo, mwandikie Padre ukutani kwamba tumeelewa, na watu wana mahindi ya kupanda!"

Waliosikia wakaangua kicheko kwa wakati mmoja. Bibi Katarina alimgusa mama wa pembeni yake, amwulize kimesemwa nini. Glorious alishaanza kuandika. Padre Erasmo aliugeukia ukuta, akasoma, akacheka mwenyewe, akafunga Biblia na kusema tusimame tuimbe.